Mbeba Mayai

Nyumbu hakuaminiwa na mayai.
Yeye alibeba mahema, majiko, mapipa ya mafuta ya taa,
meza ya kukunja na viti saba,
hema jembamba la choo na sepetu yake.
Mayai, trei sita,
nilipewa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tundup mpishi
aliyapanga ndani ya sanduku la bati,
akayafukia kwa makapi ya shayiri,
akanikaza kamba kifuani:
"Punchok, una vifaranga mia na themanini
wasiozaliwa. Ukianguka,
anguka kifudifudi."

Hesabu yake ilikuwa wazi:
wageni saba, asubuhi kumi na mbili,
mawili mawili kwenye sahani.
Yaliyobaki, kumi na mawili,
ni fungu la miteremko.

Baba aliwatazama wakipita uani kwetu, Zanskar,
na fimbo mbili mbili mikononi, kama mbuzi waliosimamishwa,
akauliza kama ni kweli wamelipia.
Nikasema wamelipia.
"Wamelipia kuchoka?"
Akarudi kupura shayiri yake, akichoka bure.

Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone:
mwaka ule paa letu lilipata nguzo mpya.

Juu kwenye kilango, penye vitambaa vya dua
vilivyochanwa na upepo hadi vikabaki nyuzi,
wote walipiga kelele, *lha gyalo*, miungu imeshinda,
hata wasioijua miungu yenyewe.
Mimi nilichuchumaa nyuma ya mawe
nikahesabu. Mawili yamepasuka.
Nikayanywa mabichi, ushahidi ukaisha.

Usiku wa tano hema la mama Ingelise halikuzima taa.
Mwalimu mstaafu, mfupi, mkimya,
aliyekuwa akitaka kujua jina la kila ua
na kuliandika kwa penseli.
Rigzin, kiongozi wetu, aliweka sikio mgongoni pake.
Kifua kilikuwa kinatokota
kama birika lililosahauliwa.
Alimwita mumewe. Mumewe hakuwa safarini,
hakuwa hata duniani.

"Chini," akasema Rigzin. "Sasa hivi."
Nyumbu hapiti genge lile gizani.
Nikalitua sanduku la mayai juu ya theluji,
nikainama,
wakanifunga mama wa watu mgongoni
kwa kamba ile ile.

Hakuna aliyenikumbusha namna ya kuanguka.

Saa sita tulishuka tukipokezana, Rigzin na mimi,
taa ya kichwani ikionyesha hatua moja, si mbili.
Pumzi yake ilikuwa shingoni pangu, fupi, yenye maji,
na kila ilipokatika nilisimama,
na kila iliporudi nilikwenda.
Nilianguka mara moja. Kovu hili la kidevu ndilo.

Alfajiri, mtoni, alifumbua macho
akaona kichaka kikavu chenye miiba,
akauliza kinaitwaje.
Rigzin alicheka hadi akakaa chini.

Mayai? Yaliganda usiku ule, yakajipasua yenyewe,
mia na nne, magumu kama kokoto za mtoni.
Tundup aliyayeyusha akapika mchuzi,
wageni sita wakala siku tatu mfululizo
bila mtu kulalamika.

Siku hizi barabara imekata lile genge.
Baruti ilifanya kazi ya majira mawili ya joto.
Mayai huja kwa lori, na mgeni hufika
kabla mwili wake haujapata habari.
Nami ndiye kiongozi, nina kadi yenye picha,
kijana wangu wa jikoni hubeba simu tatu na hana kamba.

Simsemi. Njia yake si yangu.
Ila nikianza kushuka, popote,
hata ngazi za benki kule mjini Leh,
mgongo huinama wenyewe,
taratibu,
kana kwamba nyuma yangu
kuna kitu kinapumua.